Mama Mikono na Swali la King'ora

Kitendawili, msomaji wangu. Ninaye mama mmoja: anazungumza asubuhi nzima hajafungua mdomo, na akiufungua, maneno yanayotoka si yake. Ni nani?

Fikiri polepole. Ukishindwa, nipe mji, tena uwe mkubwa na wenye maji ya kutosha, nami nitakupeleka kwake.

Saa tatu asubuhi, katika ukumbi wa kamati za bunge, mama huyo anavua pete ya ndoa na kuitia pochini. Blauzi yake ni nyeusi, haina ua wala kifungo cha kung'aa. Kucha zake ni fupi. Anavuta kiti na kukiweka ubavuni mwa kiti cha shahidi, kisha anatazama ng'ambo ya meza kuhakikisha kwamba mheshimiwa mmoja anamwona vizuri, kuanzia kiunoni hadi utosini.

Mheshimiwa huyo ni kiziwi. Mama huyu ni mkalimani wake wa lugha ya alama. Bungeni, tangu walinzi wa getini hadi wahudumu wa chai, wote wanamwita Mama Mikono.

"Leo ukirudi usifue nguo," mkalimani mwenzake anamtania, mwanamume wa makamo anayepokezana naye zamu, maana mikono nayo huchoka kama miguu. "Hiyo ni mikono ya serikali."

"Serikali ipi, kaka? Serikali inanijua mimi? Mimi kibarua."

Anasema huku akicheka, lakini ndivyo ilivyo. Mwaka wa kumi na moja huu yuko bungeni, na kila mkutano ukiisha, mkataba wake nao umekwisha. Katika muundo wa utumishi wa umma yumo dereva, yumo mpiga chapa, yumo mtunza bustani. Mkalimani wa lugha ya alama hayumo.

Leo kamati inaihoji wizara juu ya sera mpya ya usalama wa taifa. Katibu mkuu wa wizara amekuja na wasaidizi wake na makabrasha yao. Anaeleza vizuri, kwa sauti ya kujiamini. Hatari ikitokea, anasema, ving'ora vitalia kila wilaya, na redio itawatangazia wananchi wakimbilie wapi.

Mikono inapanda na kushuka. Mheshimiwa anaitazama bila kupepesa. Kisha anaomba nafasi.

Hapa ndipo wageni huchanganyikiwa. Mheshimiwa anaongea kwa alama, na sauti inatoka kwa Mama Mikono, tena kwa nafsi ya mwenye maneno.

"Mwenyekiti, mimi ni baba wa watoto watatu na nywele zimeniishia kichwani," anasema mama huyo, nywele zake nyeusi zimesukwa hadi shingoni. Wageni waliokaa nyuma wanaangua kicheko. "King'ora kikilia usiku, mimi nitaambiwa na nani? Na huyo wa kuniambia, serikali imemwajiri?"

Mama Mikono mwenyewe hacheki. Katibu mkuu anamgeukia yeye.

"Mama, mwambie mheshimiwa kwamba swali lake ni zuri sana."

Mikono inayasema yote, hata hilo "Mama, mwambie mheshimiwa." Sheria ya kazi hii ni moja: huongezi, hupunguzi. Mheshimiwa anacheka hadi mabega yanatikisika. Mwenyekiti wa kamati, mama mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, anagonga meza kwa kalamu.

"Katibu mkuu, aliyekuuliza yuko mbele yako. Mtazame yeye."

Katibu mkuu anaomba radhi. Anatazama mbele, anazungumzia mikakati na wadau, anazunguka na kuzunguka, na swali linabaki palepale mezani. Mwenyekiti anatangaza mapumziko ya chai.

"Tukirudi," anasema, "tunaanza na jibu."

Kwenye korido, Mama Mikono anapasha viganja moto kwa kikombe cha chai.

"Kazi hii nilifundishwa na mume wangu," ananisimulia. Mumewe ni fundi cherehani, kiziwi tangu utotoni. Siku moja Mama Mikono alimpelekea sketi ipunguzwe, ikapunguzwa ikawa ya mtoto, naye akarudi dukani kugombana. "Sasa utamgombeza vipi asiyekusikia? Ikabidi nijifunze kwanza. Nilipokuja kujua, hasira zimekwisha, nimebaki na mchumba. Hadi leo tukikorofishana majirani hawana habari. Wanasema nyumba ile ina amani sana. Watoto nao, wakitaka kukwepa maneno ya baba yao, wanazima taa."

Jumamosi, cherehani zikinyamaza, anafundisha lugha hiyo palepale dukani. Anao manesi wawili, dereva wa zimamoto na polisi mmoja mzito wa mikono.

"Juzi alitaka kumkaribisha mume wangu chai, akamwambia yuko chini ya ulinzi."

Kisha sauti yake inashuka. Mwaka juzi bohari ya mafuta iliyo karibu na mtaa wao ilishika moto. King'ora kililia, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Fundi alikuwa ameupa mlango mgongo, anashona sare za shule. Aligeuka kutafuta mkasi, akaona mtaa mzima hauna mtu, na ukuta wa ng'ambo umekuwa rangi ya chungwa.

"Alitoka mzima, namshukuru Mungu. Mimi nilikuwa hapahapa, natafsiri hotuba ya bajeti. Jioni akaniuliza, hivi mtaa wote ule, hakuna hata mmoja aliyeweza kunigusa bega?"

Mheshimiwa hajui kisa hicho. Mama Mikono hajamsimulia, wala hakusudii.

"Nikikaa kwenye kile kiti sina mume, sina mtaa. Nikichomeka la kwangu hata mara moja, kesho nani ataniamini? Ila leo, nisikufiche, lile swali limenipita kooni kama mwiba."

Anachotaka ni kwamba kila wilaya iwe na mtu mwenye ajira, anayejua viziwi wanaishi wapi na kujua kuzungumza nao. Kuwafundisha yuko tayari. Hata chumba ameshakipata, nyuma ya duka la mumewe.

Kengele inalia. Kwa zamu ilivyo, sasa ni mwenzake anayeingia. Lakini mwanamume huyo amesimama mlangoni, hasogei.

"Kaa wewe, dada. Jibu la hili swali lipokee wewe."

Mama Mikono anakaa. Anavuta blauzi, ananyoosha mgongo. Wasaidizi wa katibu mkuu wanamsogezea bosi wao kabrasha. Yeye analifunga. Taa nyekundu ya kipaza sauti inawaka, na mikono iko juu, inasubiri.

"Mheshimiwa," anasema katibu mkuu, "kwa sera hii, hakuna atakayekuambia. Tuliiandika sisi tunaosikia, hatukuwauliza ninyi. Na huyo mtu hatujamwajiri, kwa sababu hata jina la kazi yake hatukuwa tumeliandika popote. Naomba kamati iniruhusu niirudishe sera hii wizarani. Haitakuja tena hapa bila mkalimani katika kila wilaya, mwajiriwa wa kudumu, na wa kwanza ataandikwa kazi kutoka ukumbi huu huu."