Kifuniko cha Rejeta chenye Vali ya Tairi

Kuna fundi mmoja wa Iyunga ambaye siku hizi hutuma mtu mpaka Uyole kuja kuazima kifuniko changu. Ni huyohuyo aliyesema mbele ya mama yangu kwamba injini ya pikapu imekufa, kilichobaki ni matanga. Simwekei kinyongo, maana ndiye aliyenifundisha kushika spana. Kifuniko namwazima, ila kirudi siku hiyohiyo na asikigongegonge.

Mama yangu anauza viazi. Tangu baba afariki anavipakia Uyole na kuvipeleka Iringa mwenyewe, kitenge kiunoni, usukani mkononi, na dumu la njano la maji limesimama mbele ya kiti cha abiria. Lile dumu lilikuwa kama mtu wa pili garini. Rejeta ilikuwa inapungua maji na hakuna aliyejua yanakwenda wapi, maana ukichungulia chini ya gari ni pakavu. Mama akifika Igawa anaongeza, akifika Makambako anaongeza. Huku kwetu hilo halihesabiwi ugonjwa. Gari linakunywa maji kama ng'ombe anavyokunywa, unabeba dumu lako, maisha yanaendelea.

Likaendelea hivyo mpaka siku lilipochemka kwelikweli pale Mlima Nyoka, mama akirudi nyumbani, karibu kabisa na kufika. Nilimfuata na gari la jirani na kamba. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, mkono wa gia ameufunga kwa khanga utadhani kuna mtu angeliiba gari lililokufa. Sikucheka, ingawa nilitaka.

Fundi wa Iyunga alilizunguka mara moja tu. Hakufungua kitu. "Gasketi imekwenda," akasema. "Na hedi imepinda. Binti, usijisumbue." Kaka yangu, anayeishi Iringa, alipoipata habari hiyo hakulia hata kidogo. Kaka ni mtu mwema, lakini ana haraka ya kumzeesha mama. Alipiga simu akasema, "Mdogo wangu, mwacheni mama apumzike. Huku nimepata mtu ananunua magari ya kuchinja, atoe vipuri. Jumamosi nakuja na lori nilibebe, na mama aje naye. Chumba kipo, televisheni ipo."

Mama akachukua simu akasema, "Sawa, baba." Akairudisha, akaenda kukaa juu ya gunia. Mama yangu kunyamaza ni habari kubwa. Amebishana na matrafiki, amebishana na wachungaji, na siku ya msiba wa baba alibishana na waliochimba kaburi. Nilipomwona vile nilipata uchungu. Nikampigia kaka nikamwambia asilete lori. Gari litakuja Iringa Jumamosi hiyohiyo kwa matairi yake, mama akiendesha, na likichemka hata mara moja njiani nitamfungulia bolti huyo mnunuzi wake kwa mkono wangu.

Kaka akacheka. "Na likichemka, mama anahamia kwangu bila maneno."

"Bila maneno," nikasema. Nilipokata simu ndipo nilipogundua nimeweka rehani maisha ya mtu mzima kwa mdomo wangu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa sikilizeni nilivyofikiri. Gari likiwa la baridi halivuji. Linavuja likipata moto, kwa sababu moto unaleta presha, na presha inasukuma maji penye upenyo. Lakini likiwa la moto huwezi kuingiza mkono wala uso kutafuta. Nilichohitaji ni presha ya moto kwenye injini ya baridi. Chombo cha kufanya hivyo kipo, nilikiona kwenye simu, kinatoka nchi za watu. Kungoja kifike Mbeya, pikapu ingekuwa imeshakatwa mapaja.

Nikaokota kifuniko kikuukuu cha rejeta, saizi ileile. Nikakitoboa katikati kwa drili, nikapitisha vali ya tairi, ile ya mpira, ikabana vizuri kwenye tundu. Nikakifunga kwenye rejeta. Jirani yangu wa pembeni ni fundi pancha mwenye kompresa, nikaona kwa nini nijichoshe, nikamwambia aunganishe mpira wake kwenye vali yangu.

Hilo lilikuwa kosa. Kompresa ya kujazia matairi ya malori haina adabu. Mpira wa juu wa rejeta ulichomoka na maji yote yakanijia usoni, na hayakuwa maji tu, yalikuwa ya njano. Watu wa bodaboda walicheka mpaka wengine wakashuka kwenye pikipiki. Nilijipangusa, nikaonja mdomoni, nikageuka kumtazama mama. Kumbe mtu fulani sokoni alimwambia binzari inaziba rejeta inayovuja, naye akaitia, paketi kwa paketi. Mama akatazama upande wa milimani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Mama, ulikuwa unapika pilau humu?"

"Si ilikuwa inakunywa maji," akajibu. "Nikaona ipate na chakula."

Nikaisuuza rejeta mpaka maji yakatoka meupe. Mpira nikaurudisha na kibano kipya. Safari hii nilitumia pampu ya baiskeli, ya kukanyaga kwa mguu, yenye geji ndogo. Nikapampu polepole, mshale ukapanda mpaka pale kifuniko cha kawaida kinapotakiwa kushikilia, nikaacha. Nikawaomba wote wanyamaze, na kwa mara ya kwanza Uyole wakanitii. Mshale ukaanza kushuka taratibu. Nikasikia mlio mdogo, wa mtu anayenyonya jino, ukitokea nyuma kabisa ya injini.

Nikamulika kwa simu. Kule nyuma, karibu na ukuta wa kebini, kuna mpira mwembamba unaopeleka maji ya moto kwenye hita. Ulikuwa na mpasuko, na tone likatoka, likaangukia juu ya bomba la ekzosi. Hapo nikaelewa yote kwa mpigo. Gari likiwa barabarani bomba lile ni la moto kama kikaango, kila tone linageuka mvuke kabla ya kufika chini. Ndiyo maana siku zote chini pakavu. Na kwenye rejeta hapakuwa na povu hata moja, wala oili haikuwa na maji. Gasketi, inayotenga maji na oili ndani ya injini, ilikuwa nzima. Nilifurahi hadi nikampiga mama kofi la bega kama mwenzangu wa kijiweni.

Nikamwita fundi wa Iyunga aje aone kwa macho yake. Alikuja, akainama, akalitazama lile tone muda mrefu. "Mh," akasema. Kisha akapata pa kushikilia. "Haya, umeuona. Utaufikiaje? Hapo mkono haupiti. Lazima ushushe injini, na kazi hiyo hutaimaliza kabla ya Jumamosi."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kibano cha mpira ule ni cha springi, kinataka kuminywa masikio yake mawili ndipo kisogee, na hata mkono wangu mwembamba uliishia njiani. Nilitembea mpaka nyumbani nimekasirika. Njiani nikapitwa na mtu wa baiskeli amebeba mkaa, akifunga breki mteremkoni. Anaminya huku mkononi, kinachobana kiko kule chini. Nikasimama katikati ya barabara, dereva mmoja wa bajaji akanitukana, nikamshukuru.

Nikanunua mkono wa breki wa baiskeli na waya wake, ule unaokimbia ndani ya ganda. Mtu wa kuchomelea akanitengenezea taya mbili ndogo za chuma, nikafunga waya uzivute zikutane. Nikaupenyeza ule mkia mrefu nyuma ya injini, taya zikauma masikio ya kibano, nikaminya breki. Kibano kikalegea. Fundi wa Iyunga alikuwa amesimama hapohapo, akasema chai yake inapoa, akaondoka.

Mpira mpya ukaingia. Nikapampu tena, nikaenda kunywa uji, nikarudi, mshale uko palepale.

Kilibaki kitu kimoja ambacho nilijua watanisema nacho. Mafundi wa huku gari likichemka, kabla hata ya kusalimia, wanang'oa thamostati na kuitupa. Ni kidude cha shaba kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, kisha kinayafungulia. Wao wanasema ndicho kinacholeta uchemkaji. Kwa hiyo Mbeya nzima, kwa baridi hii, watu wanaendesha injini zenye mafua, zinakunywa mafuta kama harusini. Ya gari letu ilishatupwa zamani, nikanunua nyingine, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya mama ya chai, jikoni, tukaichungulia wawili. Maji yalipokaribia kuchemka ikafunguka yenyewe.

"Ina akili," mama akasema.

"Inawashinda waliokuwa wanaitupa."

"Na sufuria yangu utaisugua."

Nikaifunga. Hewa iliyonaswa ndani ya injini niliitoa kwa chupa ya maji niliyoikata kitako na kuibana kwenye mdomo wa rejeta, gari pua juu, mapovu yakapanda mpaka yakaisha.

Jumamosi mama alikataa kwenda Iringa na gari tupu. Akapakia viazi mpaka springi zikalia. Nilimwambia mzigo utaipa injini kazi, akaniuliza gari nimelitengenezea maonyesho au biashara. Dumu la njano nalo akalijaza maji, akaliweka mahali pake. Nikakaa nimelikunjia miguu, macho kwenye mshale wa joto.

Tulipofika Igawa mguu wa mama uliinuka wenyewe kwenye mafuta, mkono ukaanza kutafuta dumu. "Twende, mama," nikasema. Akaenda, lakini amenuna. Baada ya Makambako akaugonga mshale kwa ukucha.

"Huu umekufa?"

"Haujafa. Umetulia."

"Sijawahi kuuona umetulia."

Hita ikaanza kutupulizia joto miguuni. Tangu mama alimiliki gari lile, hita yake haijawahi kuwaka. Mafinga kulikuwa na ukungu, na mama akavua soksi akiendesha, jambo nililomkataza bila mafanikio.

Mlima wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini ndio niliouogopa. Tukanaswa nyuma ya lori la mbao, gia ya kwanza, viazi vinatuvuta nyuma. Mshale ukajinyanyua. Kidogo tu, lakini niliuona, na mama aliuona. Nikawaza chumba cha kaka, na televisheni, na mama amekaa mbele yake mikono mitupu. Nikasali kwa Kinyakyusa, ambacho huwa nakitumia kwa mambo mazito peke yake. Feni ikaguruma. Mshale ukasita, ukarudi mahali pake, ukakaa. Mama akapiga honi ndefu, lori la mbao lisijue limekosa nini.

Kaka alikuwa anatungoja sokoni pamoja na yule mnunuzi, aliyekuja na boksi lake la spana. Mama akawapita, akaegesha mbele ya wateja wake, akazima gari. Kaka akaja akafungua boneti. Akaangalia kama anatafuta mtu aliyejificha. Akagusa rejeta, akagusa chini, pakavu.

"Mmesimama wapi kuongeza maji?"

Mama akashuka bila soksi. Akalivuta lile dumu la njano, limejaa mpaka shingoni kama lilivyotoka Uyole, akambebesha kaka mikononi.

"Maji yenyewe haya, baba," akasema. "Nawa mikono, unishushie viazi."