Mwethya wa Daktari Kiilu

Kiilu wa Mbuvi alikuwa amesahau kuketi. Chai aliinywa amesimama, uji aliunywa akitembea, na hata kanisani aliegemea nguzo ya nyuma, mguu mmoja ukidundadunda sakafuni kama wa fundi cherehani. Watu wa Gatuanyaga, kijiji chao nje ya Thika, walijisifu kwamba mtoto wao amerudi kutoka Makerere na koti jeupe. Hakuna aliyeuliza ndani ya koti lile kumebaki nini.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Kiilu hakuwa daktari kamili bado. Alipaswa kutumika mwaka mzima katika hospitali moja ya Thika, chini ya Daktari Mkubwa, Mzungu aliyependa kusimulia jinsi alivyopasua watu vitani bila kulala, na tazama, hakufa. Mwisho wa mwaka kinywa cha huyo bwana ndicho kingesema kama Kiilu anafaa udaktari au akachunge mbuzi. Neno "nimechoka" basi halikumtoka Kiilu hata usingizini, maana usingizi wenyewe hakuwa nao.

Waliokuwa wakijifunza kazi walikuwa wawili, yeye na Gathogo, Mkikuyu wa Ruiru. Kila asubuhi mmoja wao ilibidi apande baiskeli hadi zahanati ya mashamba ya kahawa kule Ruiru, kisha arudi Thika kukabili foleni ya mchana. Kwa haki wangepokezana. Lakini ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Mkikuyu hakutoka mji mmoja kwenda mwingine bila kibali. Kibali cha Gathogo kiliombwa, kikakataliwa, kikaombwa tena, kikakataliwa tena. Mtu amezaliwa Ruiru, na haruhusiwi kwenda kuwatibu watu wa Ruiru! Kiilu, kwa kuwa ni Mkamba, alipita vizuizini bila taabu. Hivyo Ruiru ikawa yake, na foleni ya Thika ikabaki yake vilevile, kwa kuwa hakuna aliyekaa chini akaigawa kazi upya. Gathogo aliona haya kulitaja jambo hilo, Kiilu akaona haya zaidi. Wakawa wanasalimiana kwa adabu nyingi, kama majirani wenye kesi ya mpaka.

Mwili ukaanza kumsaliti. Alijilaza, akainuka kwenda kumkagua mgonjwa ambaye alikwisha kukaguliwa. Alinawa mikono mpaka ngozi ya vidole ikachanika. Lakini kilichomtisha hasa ni kwamba alianza kuwachukia wagonjwa. Akiiona foleni, hasira ilimpanda, kana kwamba watu wale wameugua makusudi ili kumkomoa. Alijiogopa, na hofu hiyo akaimeza peke yake.

Mwezi wa saba Thika ilizama katika baridi na manyunyu, na kila aliyekuja alikuja akikohoa, amebeba chupa yake ya kutilia dawa. Siku moja mnyororo wa baiskeli ulikuwa umemkatikia njiani, akaikokota hadi Thika. Alifika amelowa, akaanza foleni palepale, wima, macho kwenye karatasi.

"Jina?"

"Syombua wa Mbuvi."

"Unaumwa nini, mama?"

"Ni mkono, daktari."

Kiilu aliiona chupa mezani. Akaandika dawa ya kikohozi, vijiko viwili asubuhi na jioni. "Anayefuata!"

Foleni ilipokwisha, Sista Wakonyo, mkubwa wa wauguzi, akaja na uso uliokunjamana. "Daktari, kuna mama amekataa kwenda. Anasema ni wako."

Alikuwa ameketi kwenye benchi, chupa imejaa dawa mapajani, mkono wa kulia ameuficha ndani ya leso.

"Mwaitu!" Kiilu aliita, kama Mkamba amwitavyo mamaye. "Umekuja lini?"

"Nimekuja, nimepanga laini, nimesimama mbele yako," mama alisema. "Nimekutajia jina ya baba yako marehemu. Umetibu chupa, mimi hukuniona."

Akaufunua mkono. Alikuwa akitwanga muthokoi, mahindi ya kukobolewa, maana watu wangekuja kulima shambani kwake na lazima wale, na kibanzi cha mchi kikamwingia kiganjani. Sasa kiganja kilikuwa kimevimba kiking'aa, na mstari mwekundu umeanza kupanda kuelekea kiwiko. Kiilu alijua mstari huo huishia wapi usipozuiwa. Na yeye alikuwa amempa dawa ya kikohozi.

Akanyakua kisu kidogo cha kupasulia. Mkono ukatetemeka. Akaushika kwa wa pili, na huo nao ukatetemeka. Mama akaurudisha mkono wake ndani ya leso.

"Na hiyo mikono, hunigusi."

"Mwaitu, mimi ni daktari."

"Najua. Ita mwenzako."

"Siwezi! Gathogo akijua nimefanya hivi, Daktari Mkubwa atajua, na mwaka wangu umekwisha."

"Kwetu mtu akishindwa na shamba, anafanya nini?"

Kiilu alijua jibu tangu utotoni. Mtu huita mwethya, watu waje na majembe wamlimie, naye awapikie. Lakini mwethya haumfuati mtu asiyeita. Majirani wataona magugu yanameza mahindi yako na hawatanyanyua jembe, kwa sababu kuja bila kuitwa ni kukuita mvivu mbele ya watoto wako. Sharti usimame na kinywa chako useme kazi imekushinda.

"Basi uniitie wewe," alisema, kama mtoto.

"Kwani wewe ni bubu?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kiilu alikuwa amewaambia wagonjwa maneno hayo mara nyingi, na wala hakudhani yanamhusu. Ua wa hospitali ulimwonekea mrefu. Alimkuta Gathogo wodini akifunga kidonda, na alitaka sana kugeuka.

"Gathogo. Kazi imenishinda. Nimempa mama yangu dawa isiyo yake, na mikono yangu haitulii. Njoo unisaidie."

Gathogo alimaliza fundo la bendeji. "Ngai! Mbona umekaa hivyo bila kuniita? Mimi naona unakauka tangu mvua ya masika. Lakini hata kwetu ngwatio, hiyo mwethya yenu, haiendi kwa mtu hajaita. Ningesema, ungeona nataka kukuharibia jina. Mama ako wapi?"

Gathogo alipasua, usaha ukatoka, kibanzi kikatoka, na Wakonyo akaja na sindano ya penisilini. Kiilu alimshikilia mama mabegani, akilia bila kuficha. Kisha wakamfukuza Kiilu akalale. Alilala kama gogo, na foleni ya kesho yake ilihudumiwa na Gathogo. Daktari Mkubwa alipouliza, Gathogo alijibu kwamba wamegawana kazi: Ruiru ya Kiilu, mchana wa Thika wake. Mzungu aliguna, akaona foleni imekwisha mapema, akaenda zake.

Ilibaki deni la sufuria. Aliyelimiwa hupika, na mkono wa mama ulikuwa bado kwenye bendeji, ingawa mstari mwekundu ulikwisha kufifia. Siku ya tatu Kiilu mwenyewe akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko, nje ya chumba chake pale hospitalini, akakoroga muthokoi na maharagwe, mama akimkosoa chumvi kutoka mlangoni.

Gathogo alikuja, akala, akaongezwa. Halafu kijiko kikasimama.

"Kiilu, na mimi naita."

Kiilu alidhani ni utani. Akainua macho, akaona mwenzake ameweka sahani chini.

"Mama yangu ako Ruiru, kwa kijiji nyuma ya ile zahanati. Walisema alianguka. Sijamwona tangu nitoke Makerere. Wewe unapita hapo kila asubuhi, na nimeshindwa kukuomba."

Kiilu alijaribu kukumbuka wanawake wote wa Ruiru waliopita mbele yake tangu mwaka uanze. Alikumbuka chupa tu.

"Anaitwa nani?"

"Njambi."

"Kesho nitaenda kwake kabla ya zahanati," Kiilu alisema. "Na kabla sijamuuliza anaumwa nini, nitamtazama uso."