Siku Watani Waliponizika Pamoja na Pipa la Asali

Wapo watu Tabora wenye magari mengi kuliko mimi, sikatai. Lakini nitafutie mfanyabiashara mwingine aliyeombolezewa akiwa hai, amesimama palepale anasikiliza, tena anatamani kuwasahihisha waombolezaji. Humpati. Ni mimi peke yangu.

Shule niliiacha darasa la tano. Yenyewe haikunililia, na mimi sikuililia. Nilianza na baiskeli na ndoo mbili, nafuata asali kwa warina huko porini mbele ya Urambo, narudi mjini jicho moja limefungwa na nyuki. Leo nina chumba cha kuchujia Itetemia, nyumba yangu iko nyuma yake, nina mapipa yasiyoshika kutu na akina mama wanne wa kujaza chupa. Asali yangu ukiinyanyua juani unaona upande wa pili. Wenye digrii wanakuja kuniuliza imekuwaje. Nilikuwa nawajibu: mimi sipumziki.

Na kweli nilikuwa sipumziki. Hapo ndipo penye habari.

Msimu ule nilipata mteja wa Dar es Salaam aliyetaka mapipa sita, yapakiwe Ijumaa. Sasa asali ina mwendo wake. Unaimimina kwenye kitambaa, inashuka tone kwa tone, halafu unaiacha itulie mpaka vumbi la nta lipande juu lenyewe. Huwezi kuisukuma. Ukiipasha moto ili ikimbie, inaungua, na mnunuzi anayejua anaigundua kwa pua tu. Basi mimi nikawa nasimama mbele ya kitambaa naikodolea macho. Naikoroga na mwiko. Nagonga pipa kwa ngumi. Simu moja sikio hili, nyingine sikio lile. Nawafokea akina mama, nawafokea hata nyuki waliokuja kunusa. Chakula nakula nimesimama, tonge moja na hatua mbili.

Kisogo kikaanza kunigonga. Mke wangu akanipeleka zahanati. Nesi, binti wa umri wa mwanangu, akaniamkia vizuri, akanifunga ule mpira mkononi, akautazama mshale, akanifunga tena mkono wa pili.

"Baba, umekuja hapa mbio?"

"Nimekuja na pikipiki."

"Basi presha hii ilitakiwa kuwa ya pikipiki."

Akanipa vidonge, kisha akaacha mzaha, akanionya. Nisipotenga angalau siku moja kwa wiki ya kukaa bila kazi kabisa, nitaanguka. Na nikija kuamka, upande mmoja wa mwili hautaamka na mimi. Nikamwambia vidonge nitakunywa, hilo la kukaa haliwezekani. Biashara yangu haijawahi kufungwa. Hata siku niliyooa nilifungua asubuhi, nikauza, ndipo nikaenda kuoa.

Mke wangu alikuwa amekaa pembeni. Hakubisha. Akinyamaza namna ile huwa natakiwa kuogopa. Sikuogopa.

Ng'ambo ya barabara yupo mama mmoja wa Kigogo, mshona nguo. Sisi Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara. Babu zetu walipita kwao na meno ya ndovu mabegani kwenda pwani, na babu zake waliwatoza hongo kwanza ndipo wawaruhusu kuchota maji. Yeye anaitoza mpaka leo. Kila asubuhi anasimama mlangoni kwangu na kijiko, ananisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa, mpagazi! Hongo yangu."

"Mla mlenda wewe! Maji yenyewe mlikuwa hamna."

"Na bado mlilipa. Mjinga nani hapo?"

Namjazia kijiko, anakilamba mbele yangu, anaondoka bila asante. Ndiyo utani huo. Mtani akikutukana unacheka, akichukua kitu chako unakiacha. Ukithubutu kumkasirikia, mtaa mzima unakucheka wewe. Na kukitokea msiba, watani ndio wanaouchangamsha. Wanamwigiza marehemu alivyotembea na alivyofoka, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Lishike hilo, maana ndilo lililoniponza.

Jumanne, saa nne asubuhi, niko kwenye kitambaa na mwiko wangu. Nikasikia kilio barabarani.

"Uwiii! Mpagazi wetu! Nani atatupa hongo!"

Akaingia mshona nguo, kanga imekazwa kiunoni, na Wagogo wenzake watatu nyuma wamebeba pipa tupu. Wakalilaza kwenye benchi hapo nje ya mlango, wakalifunika shuka, juu ya shuka wakaweka kofia yangu. Kofia hiyo nilikuwa nimeitafuta tangu alfajiri. Nikamtazama mke wangu. Anatazama mawingu.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Shh! Marehemu hasemi."

Mshona nguo akavua kandambili zake, akaweka moja kila sikio. "Haloo! Haloo! Mzigo uko njiani, bosi! Umeshapita Manyoni!" Akaligeukia pipa: "Shuka wewe! Kwa nini hushuki? Unanijua mimi ni nani?" Akaninyang'anya mwiko, akaikoroga hewa kwa hasira, akamega tonge lisilokuwepo na kulimeza huku anakimbia, akapaliwa, akafoka kwa nini limempalia. Mjaza chupa mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kukasirika, nikakumbuka siruhusiwi. Kibaya zaidi, mwanamke yule alinipatia kabisa. Mpaka ninavyoivuta suruali juu kila ninapomwambia mteja mzigo uko njiani wakati bado uko mbele ya macho yangu.

"Alikuwa mtu mkubwa," akahitimisha, anajifuta machozi ya kucheka. "Alishindana na asali, asali ikamshinda."

"Haijanishinda!"

"Marehemu, mara ya pili nakwambia. Maiti haifanyi kazi. Msiba ni siku tatu. Fungeni!"

Wakafunga mlango. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Kumnyang'anya mtani ufunguo mbele ya watu ni aibu ambayo hata mimi siwezi kuinunua. Wakanisukuma uani, wakanikalisha kwenye kiti cha uvivu, wakaendelea kulia wao huko nje.

Ambacho hatukukiona ni kwamba mrina mmoja alikuwa ametokea na baiskeli, ananiletea asali. Kwa mbali akaona shuka, akaona kofia, akaona mke wangu amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Mtu wa mjini angesema hawa wanacheza. Yeye anazijua mila. Watani wakicheza hivyo, maiti ipo. Akashusha ndoo zake kwenye kibaraza cha mshona nguo, akageuza baiskeli, akaenda kutangaza.

Hadi adhuhuri simu zangu zilikuwa zinalia kuliko watani. Mke wangu ndiye aliyekuwa nazo. Akapiga hata yule mteja wa Dar, aliyeambiwa na mtu wa lori, akamwambia: pole sana mama, mzigo usikusumbue, hata Ijumaa ijayo ni sawa.

"Umemdanganya mteja wangu!" nikaruka.

"Nimesema asante tu. Kusema asante ni uongo?"

Nilimpigia mwenyewe. Alikata simu kwa hofu. Nikapiga tena, akacheka mpaka akakohoa, na ile Ijumaa ijayo akaniachia.

Kesho yake shangazi akashuka na treni kutoka Bukene, jogoo kwapani. Alilia kuanzia stesheni hadi uani kwangu, akanikuta nakula papai. Akanitazama juu hadi chini. Kisha akanichapa na jogoo.

"Shikamoo shangazi," nikasema huku najikinga.

"Marahaba, mshenzi wewe! Nimepanda treni kuja msibani, siondoki bila msiba!"

Hakuondoka. Warina watano nao wakaja, baiskeli zao zikaegemea ukuta wangu. Walipojua niko hai walifurahi, lakini wali ulikuwa umeshaiva, wakakaa. Wakaanza kusimulia habari zangu, nilivyokuwa naingia porini bila moshi, nikitukana nyuki kwa Kinyamwezi. Mambo mazuri sana, na mengi ni ya kweli. Nikiwa nasikiliza sifa hizo, nikasinzia. Mchana kweupe! Nililala kwenye kiti kile mpaka shangazi akaja kunigusa shingo kuhakikisha.

Ijumaa ufunguo ukarudi. Nilifungua mlango nikiwa nimejiandaa kwa hasara. Asali yote ilikuwa imeshuka. Yenyewe. Nta imepanda juu imekaa kama utando wa maziwa, na chini yake asali safi kuliko yoyote niliyowahi kuuza, na mimi nimeuza asali safi. Nikauangalia ule mwiko. Kumbe miaka yote nilikuwa nairudishia vumbi lake mwenyewe.

Nesi alipopima, mshale ulikuwa umeshuka kidogo.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimekufa."

"Basi endelea. Na vidonge usiache."

Nimeendelea. Kila Jumanne mimi ni marehemu, na ufunguo unalala kwenye pindo la kanga ng'ambo ya barabara. Jumanne iliyopita lori lilikuja likapiga honi, dereva anaita jina langu kwa sauti ya mtu mwenye haraka. Miguu yangu ikavaa viatu bila kuniuliza. Nimefika kwenye geti, nikasikia cherehani ikinyamaza.

"Mpagazi! Huko kaburini siku hizi mnavaa viatu?"

Nikarudi kitini, nikavua. Lori lilirudi Jumatano. Wenye digrii wameanza kuja kuniuliza na hili pia, wanakwenda kujaribu, saa tatu tu tayari wameshika simu. Siwashangai. Mji mzima huu hakuna anayekufa vizuri kama mimi.