Gari ya Mashindano ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kitengela. Alijiundia gari ya mashindano kama zile za grand prix tulizoona kwenye televisheni: imelala chini, injini nyuma, dereva amebanwa mbele ili gari iwe nyepesi. Ilishindana mara mbili kwenye uwanda wa Kisaju, na haikumaliza hata mara moja. Mara ya pili injini ilishika moto.

"Toka!" nilipiga kelele nikimkimbilia.

"Miguu imekwama!"

Nilirusha mchanga kwa mikono, nikilia, nikimwita Mungu. Wachungaji wawili waliacha ng'ombe wao, wakavunja usukani kwa rungu, tukamvuta.

Alipona, lakini hakutembea tena. Gari niliiacha palepale ikiungua, na hajawahi kuniuliza habari yake.