Mguu wa Mwalimu

Mtu akinipa pole kwa ile sauti ya chini, kichwa amekiinamisha upande, mguu wangu wa kulia unakakamaa. Watu hudhani nina ganzi. Sina ganzi. Nina hasira, na hasira yangu imekaa mguuni kwa sababu ni huko nilikoibiwa.

Mume wangu alikuwa na kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo ambacho ukikijaza mahindi kinainua pua juu. Tulikuwa tunaishi Tunduma, yeye akisomba mahindi na maharage kutoka vijiji vya Mbozi, mengine akiyashusha Mlowo, mengine akija nayo mpakani. Binti yetu mkubwa ndiye aliyechagua maneno ya kuandika nyuma ya bodi, fundi akayapaka kwa rangi nyekundu: TUTAFIKA TU. Kisha mume wangu akaugua ini, akateseka miezi mitatu, akafa. Tukamzika kwao Mbozi, pembeni mwa kahawa, chini kidogo ya nyumba ya wazazi wake.

Siku ya kuanua matanga nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na nguo yangu nyeusi, nikisubiri kusikia watoto watasomaje. Wao walikuwa wanazungumza gari. Mdogo wake marehemu, shemeji yangu, alisema yeye yuko tayari kulichukua ili lisioze. Nikasema gari lile ndilo lililotulisha, na ndilo litakaloendelea kutulisha.

"Mke wetu," baba mkwe akasema, na hakusema kwa ubaya, "gari siyo sufuria. Gari linataka dereva. Wewe hata kuliwasha hujui."

"Nitajifunza."

Walicheka. Wanaume walicheka kidogo, kwa heshima ya msiba. Wanawake wenzangu walicheka mpaka wakajifunika kanga, na hao ndio walioniuma.

Baba mkwe hakucheka. Alisema gari litabaki pale uani na funguo atakaa nazo yeye mpaka kahawa itakapoanza kuanikwa. Siku hiyo nitaliwasha mbele ya ukoo, nilipandishe mpaka barabara kubwa ya kijiji, niligeuze, nirudi nalo uani. Nikiweza, gari ni langu na watoto wangu. Nikishindwa, shemeji alichukue na nisilalamike kwa mtu. Nikakubali. Nikarudi Tunduma, nikauza cherehani yangu, nikajiandikisha shule ya udereva.

Tulikuwa wanafunzi tisa. Vijana wa bodaboda waliochoka kukimbizana na askari, dada mmoja wa dukani, mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi aliyekaribia kustaafu, na mimi mfiwa. Darasani palikuwa na meza kubwa iliyochorwa barabara, mzunguko na pundamilia za kuvukia watu, tukawa tunasukuma vigari vya kuchezea huku tukisema kwa sauti nani ana haki ya kupita. Hapo sikuwa na mpinzani. Alama zote nilizishika ndani ya wiki moja. Vijana walikuwa wananinong'oneza, "Bi mkubwa, hiyo pembetatu ni ya nini?" na mimi nikiwajibu bila kugeuza shingo.

Barabarani ilikuwa habari nyingine. Sheria inasema kaa kushoto, lakini anayeijua Tunduma anajua kushoto kuna nini: malori yamepanga foleni kuanzia nje ya mji mpaka geti la forodha, madereva wake wamefunga vyandarua, wanapika ugali chini ya matela. Niliuliza, "Mwalimu, sasa kushoto kwangu ni wapi?" Akasema, "Kushoto kwako ni pale malori yanapoishia, mama." Hilo kitabu hakikuandika. Tulipita katikati, ndani ya kigari chetu chenye herufi L mbele na nyuma, huku lori la Zambia likija usoni na dereva wake akinipungia mkono, "Panono panono, ba mayo!" Taratibu mama, taratibu. Hata wao walinihurumia.

Sasa nimfikie mwalimu mwenyewe. Alikuwa mtu mzima, mpole wa sura, Mnyiha kama mume wangu, na lafudhi yake ilinichoma moyo siku ya kwanza. Kwa vijana alikuwa moto. "Una mguu au una gogo?" "Hiyo ni breki, siyo kinu, usitwange!" "Shuka! Shuka utembee, ulione gari kwa mbali, labda mtaelewana!" Mmoja alilia machozi mbele yetu, kijana mwenye ndevu. Gari likiwazimikia mlimani aliwaacha warudi nyuma mpaka wapige kelele, ndipo anawaambia cha kufanya.

Kwangu mimi alikuwa asali. "Pole mama. Usiwe na wasiwasi mama. Safi mama." Gari la kujifunzia lina breki ya pili upande wa mwalimu, kila mtu anaiona, na yeye alituambia ni ya dharura tu. Basi tukikaribia pundamilia alikuwa anasema taratibu, "Klachi... gusa breki," nami nilikanyaga klachi, nikagusa breki kwa ncha ya kiatu, na gari lilisimama pale pale, kimya. "Umeona? Una mguu mwepesi sana. Hawa vijana wangekuwa na mguu kama wako!"

Nilifurahi, lazima niseme ukweli. Tangu mume wangu augue hakuna mtu aliyenisifia kitu. Nilikuwa narudi nyumbani nawaambia watoto kwamba mama yao ana mguu mwepesi. Binti yangu alikuwa anapanga viti viwili, anakaa kushoto, ananiambia niendeshe.

Siku ya mtihani mkaguzi wa magari alikaa kiti cha nyuma, mwalimu akakaa mahali pake. Niliulizwa alama, nikajibu zote. Nikaambiwa simama hapa, nikasimama. Ondoka, nikaondoka. Geuza, nikageuza. Mkaguzi aliandika alichoandika, nikafaulu. Kati ya wale vijana sita, wanne waliambiwa wajaribu tena. Niliposhika leseni yenye picha yangu nilikaa kwenye ngazi za duka la watu nikalia, nikamwambia marehemu kwamba gari lake haliendi popote.

Nilifika ukweni wakati vichanja vimejaa. Kahawa ilikuwa imeoshwa, imetandazwa juu ya nyavu upande wa chini wa ua, vichanja viwili vimesimama kati ya nyumba na kaburi. Ukoo wote ulikuwapo. Shemeji aliegemea mlango akitafuna muwa.

Baba mkwe alinipa funguo. Nikalipiga gari stati, likakohoa, likawaka. Sikuzimisha hata mara moja. Njia ya kutoka uani inapanda mpaka barabara ya kijiji, nami nikabalansi klachi, nikapanda vizuri. Kule juu sikuhitaji breki. Mlima wenyewe ulinisimamisha. Nikageuza kwa hatua tatu kama nilivyofundishwa, nikitazama kulia na kushoto ingawa palikuwa na mbuzi tu. Nilisikia mtu akipiga kigelegele. Ni mama mkwe. Sitasahau kwamba alipiga kigelegele.

Nikaanza kushuka. Nilipofika karibu na nyumba nikafanya nilichofanya kila siku: nikakanyaga klachi mpaka chini, nikagusa breki kwa ncha ya kiatu, nikasubiri gari lisimame.

Halikusimama. Klachi ilikuwa chini, gari liko huru, mteremko unalivuta. Nikagusa tena, vilevile, kwa ule wepesi niliosifiwa. Wala haikunijia kwamba breki inakanyagwa. Nilipita kichanja cha kwanza, nikasikia nyavu zikichanika, kahawa ikamwagika juu ya kioo. Nikapita cha pili. Kilichonisimamisha ni saruji ya kaburi la mume wangu. Kona ilimegeka, kipande kikaanguka kwenye majani, na injini ikazimika.

Nilishuka, nikawa naokota kahawa kwa mikono miwili kana kwamba hilo ndilo lililoharibika. Mama mkwe akaja mpaka pale, akatazama kaburi, akanitazama.

"Ulikuwa unataka kumuua mara ya pili?" akaniuliza.

Nikaendelea kuokota. Shemeji alitupa ganda la muwa, akaingia kwenye gari, akalirudisha nyuma kwa mkono mmoja, akaliegesha mbele ya nyumba sawasawa. Alijifunzia magari ya watu kule Mkwajuni kwenye machimbo. Leseni hakuwa nayo, na hata leo sidhani kama anayo. Hakuna aliyemuuliza. Mwenye leseni nilikuwa mimi, imo kwenye mkoba, na mimi ndiye niliyepanda bodaboda kurudi.

Kwa siku kadhaa niliwaambia watu kwamba lile gari lilikuwa halina breki. Baba mkwe, mtu wa haki kwa namna yake, alimwita fundi alikague ili nisije nikasema nimeonewa. Breki zilikuwa nzima.

Nikarudi shuleni kutafuta nimekosea wapi. Mwalimu alinipokea kwa pole zake, akaniambia nikae kiti cha nyuma nitazame wenzangu. Alianza kijana mmoja wa wale walioshindwa mtihani. Mwalimu alikunja miguu yake yote miwili chini ya kiti, akafungua mdomo, akatukana kutoka sokoni mpaka uwanja wa mpira. Kijana alisimama kwa kurusha vichwa vyetu mbele, akasimama vibaya, lakini alisimama mwenyewe. Kisha akaingia yule mwalimu wa kike anayekaribia kustaafu, ambaye mtihani alikuwa bado hajafanya. Nikaona mguu wa mwalimu wetu ukitoka chini ya kiti, ukinyooka, ukikaa juu ya ile breki ya dharura. Tulipofika pundamilia akasema, "Gusa, mama," na mguu wake ukashuka kabla mguu wa yule mama haujainuka kwenye mafuta.

"Safi mama," akasema. "Una mguu mwepesi."

Wiki zote zile sikuwahi kusimamisha gari. Pundamilia zote, mtihani wote, alikuwa anasimamisha yeye, halafu ananipa sifa mimi, nami nazipeleka nyumbani kwa watoto.

Tuliporudi nilimfuata pembeni, nikamwambia nilichoona. Hakukataa. Alisema, "Mama, ulikuja hapa na nguo nyeusi. Kila ukishika usukani machozi yanakulengalenga. Ningekuachaje ugonge malori ya watu? Nilikuhurumia."

"Wale uliwatukana, wanajua gari."

"Wale ni vijana."

"Basi leo nitukane. Panda, kunja miguu yako, unitukane kama unavyowatukana."

Nadhani alijaribu kweli. Mdomo ulifunguka. Kisha akainamisha kichwa upande, akasema, "Nitakutukanaje, mama, na wewe umefiwa?"

Sijui kama kuna mtu nimewahi kumchukia kama nilivyomchukia mtu yule mwema saa ile. Shemeji alitaka gari langu, na alisema wazi kwamba analitaka. Huyu hakutaka kitu. Aliniwekea mguu wake kwa upole, na kwa upole huo watoto wangu wakabaki bila kitu.

Nikaenda kujifunza upya Mlowo, kwa mwanamke mmoja anayefundisha kwa gari lake bovu lisilo na breki ya pili. Hakuuliza nguo yangu ni nyeusi kwa nini. Siku ya kwanza aliniuliza kama huo mguu niliazima. Alinitukana mpaka sauti ikamkauka, nikamrusha kichwa mbele mara mia, na mwisho wa wiki ya pili nilijua breki ni nini. Sasa naendesha gari la mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nina kazi, watoto wanakula. Watu huniambia yaliyopita yamepita. Kwangu hayajapita.

Kirikuu chetu shemeji alikiuza ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kabla msimu wa kahawa haujaisha. Nilisikia kwa watu.

Mwezi uliopita nilikuwa nashuka kuelekea mpakani na mzigo wa rangi za nyumba, binti yangu amekaa kushoto kwa sababu shule zimefungwa. Malori yamejaa upande kama kawaida, tunajipenyeza mmoja mmoja. Mbele yetu kulikuwa na kipikapu chenye namba za Zambia, kimebeba madumu ya mafuta ya kula. Kilikuwa na vumbi jingi, lakini maandishi mekundu yalionekana. Bodi ilikuwa imepondwa upande, na herufi zote zilikuwapo.

Mimi niliyasoma. Yeye aliyesema yaandikwe naye aliyasoma, nikamwona akiyasoma.

Mtu akakatiza barabara na toroli. Kipikapu kikafunga breki ghafla. Nikakanyaga, siyo kugusa, nikakanyaga, gari likasimama kiasi cha kiganja kutoka kwenye ile rangi nyekundu. Hata kopo moja la rangi halikuanguka kule nyuma.

Binti yangu alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Akaishusha mikono taratibu.

"Mama," akasema, "si ungeligonga tu."

Mbele yetu dereva aliwasha gari, akaondoka na madumu yake kuelekea getini, na nafasi ikawa kubwa mbele yetu. Mguu wangu ulikuwa bado uko chini kwenye breki, umekakamaa, na sikuweza kuuinua mpaka waliokuwa nyuma yetu walipoanza kupiga honi.