Nilificha Sauti ya Mama Ndani ya Wufa

Makosa ni yangu. Si ya fundi, si ya mashine. Nakwambia wewe usiyenijua, kwa sababu kwa watu wangu mdomo umekataa kabisa.

Sisi ni watu wa majani chai, nje kidogo ya Litein. Wakati huo nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa wufa, yale maspika makubwa ya besi. Bonasi ya chai ilipoingia wenzangu walinunua mabati, mimi nikaenda kwa fundi wa redio sokoni. Spika nilizichagua kwa kuzibeba mkononi. Yenye sumaku nzito kuliko zote, hiyo ndiyo nilitaka. Seremala akanitengenezea sanduku, nyuma wazi, nikaunganisha na redio yetu ya kaseti na betri ya gari.

Jameni, besi ilivuma! Nikaisukuma kwenye kona, ikavuma zaidi, vikombe vya marehemu mama vikalia kabatini. Nikaivuta kidogo kutoka ukutani, nikapunguza, nikaongeza. Jioni zangu zote ziliishia hapo.

Sasa sikia. Mama alipokuwa mgonjwa, dada yangu alimrekodi kwa kaseti. Anaimba wimbo aliotunga mwenyewe akichuma majani, anakohoa, anacheka, halafu anamwambia baba asisahau kufunga ndama. Hatukuwa na nyingine. Kila Jumapili tukitoka kanisani, baba alikaa kwa kiti chake na kusema, "Niwekee mama yako."

Majirani nao walikuwa na tabia ya kuazima kaseti na kurekodi nyimbo zao juu yake. Nikaogopa. Nikatafuta mahali mkono wa mtu hautafika. Nikaitia ndani ya sanduku la wufa, nikaibana nyuma ya spika, pale pale kwenye sumaku. Mjinga mimi! Na nilijiona mjanja.

Jumapili iliyofuata kaseti ilitoa upepo tu, upande huu mpaka upande ule.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi. Akaniuliza huwa naiweka wapi. Nilipomwambia akasema sumaku hufuta kaseti, na ikishafuta hakuna wa kurudisha.

Nyumbani nilimwambia baba redio ina shida kidogo, nitairekebisha. Huo uongo ndio umenimaliza.

Mzee aliniamini. Kila Jumapili aliniambia niweke hivyo hivyo, akasogeza kiti, akatega sikio karibu na sanduku.

"Punguza hiyo besi, kijana yangu," aliniambia. "Pengine mama yako yuko nyuma yake."

Nami nikapunguza! Nilipunguza nikijua hakuna mtu. Siku zingine alitabasamu, akasema amemsikia akikohoa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe.

Baba tulimzika msimu wa mvua uliopita. Akiwa kitandani aliniuliza kama redio imepona. Nikamwambia bado kidogo.

Wewe unayenunua wufa, chagua unayotaka, iweke kona unayotaka, lakini kaseti za watu wako ziweke chumba kingine. Na kama umeshaharibu, tafadhali sema, sema mapema. Baba angenikasirikia, ndiyo. Angelia. Lakini angetulia, na ningemwomba aniimbie ule wimbo wa mama, kwa sababu aliujua wote.

Mimi na dada yangu tunakumbuka mwanzo tu.