Fuvu kwenye Pipa la Nyama

Nikiwasha kuni za senetwet, ule mti ambao makaa yake tunasafishia vibuyu vya maziwa, bado nalizunguka pipa langu kwanza nikilikagua. Watu wanakuja hapa Sosiot kununua nyama yangu ya moshi, wanasema inanukia vizuri. Ni kweli, hakuna wa kunishinda. Lakini mimi harufu hiyo niliijua kwanza kwa woga.

Tuliishi upande wa Boito, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Baba alikuwa amefariki. Ng'ombe wetu akavunjika mguu kwenye mtaro wa shamba la chai, ikabidi achinjwe. Majirani walipata nyama yao, na iliyobaki ilikuwa nyingi kuliko sufuria zetu. Mama, ambaye shule aliiona kwa nje tu, akasema atajenga kitu cha kuikausha.

Alichimba shimo la moto chini ya mteremko, akapandisha mfereji mpaka juu, akaufunika kwa mabati na udongo. Huko juu akasimamisha pipa lililotolewa kitako. "Moshi ukipanda mlima unachoka," aliniambia. "Ukifika umepoa. Moshi moto unapika, moshi baridi unahifadhi." Ndani akapanga waya za kitanda kikuukuu, mdomo akaufunika kwa gunia lililoloweshwa. Kuni za bluu gamu, yaani mkaratusi, alikataa, ati nyama itanuka kama dawa ya kifua. Alisema pipa hilo litakausha pia samaki, na hata mahindi ya mbegu wakati wa mvua. Na lilikausha.

Asubuhi moja, moto ukiwa bado unafuka, nikaenda kuchungulia. Upande wa pipa unaotazama njia kulikuwa na mchoro wa fuvu jeupe na mifupa miwili.

Kusoma nilikuwa sijui, lakini hiyo picha niliijua. Ilikuwa kwenye mapipa ya dawa ya kupe kule josho. Mbwa wetu alilamba moja, akafa mbele yangu akitoa povu. Jana yake fuvu sikuliona. Nikajiambia moshi ndio umelifichua. Nikakimbia nyumbani.

Nilipofika jikoni, kogo, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa tayari anatafuna.

"Kogo, tema!"

"Niteme? Unajua meno yangu yamehangaika na hii nyama tangu saa ngapi?"

Nikamwambia mama juu ya fuvu. Hakushtuka. Akanitia kipande mkononi. "Kula, Chebet. Na mdomo wako leo uwe wa kula tu." Mama hakuwa mtu wa kuambiwa hapana. Nikakitia mdomoni, nikakiweka shavuni, kikakataa kushuka. Machozi ndiyo yaliyoshuka.

Hapo tukasikia wilbaro ikilia njiani. Ni baba mdogo. Tangu baba azikwe, huyo hakuwahi kutoka kwetu mikono mitupu. Redio ilienda, baiskeli ikaenda.

"Shemeji, nimekuja kuchukua nyama ya ng'ombe wa ndugu yangu. Hata hiyo pipa nitabeba."

"Beba. Lakini onja kwanza," mama akamjibu.

Akaenda mpaka kwenye pipa, akasimama. "Si hii ni ya josho?"

"Pipa ni pipa, shemeji. Tuliosha na jivu."

Akanigeukia. Akaona mtoto anatetemeka, shavu limejaa, macho yamemtoka. Akamgeukia kogo. "Mama, na wewe unakula hii?"

"Mimi nimezeeka. Kitu cha kuniua kitanikuta nimeshiba."

Baba mdogo akatema mate. "Mimi nimekula nyumbani," akasema, akageuza wilbaro yake.

Alipopotea kwenye kona, mama akakaa chini ghafla. Mkono wake ulitetemeka mpaka kisu kikaanguka. Nikajua sumu imeanza kazi. Nikaushika mkono huo kwa nguvu, nikingoja povu. Kwenye kucha zake kulikuwa na chokaa, na hata hiyo haikuniambia kitu.

Nilikuwa mke wa mtu tayari siku aliponieleza. Pipa lilikuwa la mafuta ya kupikia, kutoka hoteli moja ya Boito. Fuvu alilichora mwenyewe kwa chokaa. Pipa la josho la kweli halioshwi likaisha sumu, msijaribu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza kwa hasira.

"Ningekuambia, ungecheka. Na nilijua baba yako mdogo atakuja, na atasoma uso wako, si ule mchoro."

Hasira iliisha. Mkono ndio ninaoukumbuka mpaka leo. Mimi nilidhani mama anakufa. Kumbe aliogopa kama mimi, ila yeye hakuwa na mtu wa kumlilia.